Ukienda Skye kwa Ziara ya Kuongozwa, Soma Ratiba Kabla ya Picha

Matangazo ya ziara za kisiwa cha Skye, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, hutumia picha zilezile, na kwa uzoefu wangu tofauti kubwa kati ya ziara na ziara imo katika ratiba. Tangu 1995 kisiwa hicho kimeunganishwa na bara kwa daraja, lakini kutoka Edinburgh hadi Portree, mji wake mkuu, ni mwendo wa saa 5 hivi kwa gari, kwa hiyo anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo hushinda kitini. Afadhali kuanzia Inverness, ambako mwendo hupungua karibu nusu, au kuchukua ziara inayolala kisiwani.

Kabla ya kulipa, uliza mtakaa muda gani Old Man of Storr, ile nguzo ya mwamba yenye kimo cha mita 50 hivi, kwa sababu kupanda hadi chini yake na kurudi huchukua takriban saa 2, ilhali baadhi ya ziara husimama barabarani mpige picha, kisha safari ikaendelea. Quiraing, eneo la miamba iliyoporomoka, nako kunastahili muda. Huko lava ngumu ya kale imelalia tabaka laini za mwamba zisizouhimili uzito wake, ndiyo maana ardhi ilimeguka na kuporomoka, na upande wa kijiji cha Flodigarry bado inateleza, hata barabara hulazimu kukarabatiwa kila mwaka.

Chagua basi dogo. Barabara nyingi kisiwani hutosha gari moja tu, zikiwa na sehemu zilizopanuliwa za kupishana. Dereva wetu alijibanza humo mara kwa mara, huku kondoo wakipita bila haraka, na kila aliyempisha alimshukuru kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani. Hata mwenye leseni, nadhani, hatajutia kumwachia mwenyeji kazi hiyo.

Mwamvuli uache nyumbani, kwani upepo wa huko hauustahi. Chukua koti la mvua lenye kofia na viatu vinavyoshika matope. Mwezi wa Mei ndio ninaoupendelea, kwa kuwa mchana ni mrefu na visubi, ambao huuma bila huruma wakati wa kiangazi, bado ni wachache. Katikati ya Desemba mchana haudumu hata kwa muda wa saa 7, na ratiba iliyojaa vituo haitekelezeki. Ukilala Portree, weka nafasi ya chakula cha jioni mapema, maana migahawa hujaa.