GM waliuza hisa, Isuzu wakabaki: jibu la fundi wa mabodi

Kuna ndugu ameuliza juu ya kiwanda cha Isuzu pale Mombasa Road, Nairobi. Anasema hakuna kinachotengenezwa mle ndani, ni masanduku ya Japani yanafunguliwa na boliti zinakazwa, na kwamba General Motors (GM) ya Marekani kuuza hisa zao 2017 ni ushahidi kuwa biashara hiyo haina mizizi Kenya. Nimejenga mabodi ya basi juu ya chesisi (fremu ya gari yenye injini na magurudumu) za kiwanda hicho miaka kumi na tisa, kwanza nikiwa kibarua, sasa kwenye karakana yangu ndogo Industrial Area. Niruhusuni nijibu kwa kirefu.

Kampuni iliundwa 1975 kwa makubaliano ya GM na serikali ya Kenya, na magari yakaanza kutoka 1977. Hadi GM wanaondoka walikuwa na asilimia 57.7 ya hisa. Zilizosalia zilikuwa za ICDC, shirika la serikali, asilimia 20, kampuni ya uwekezaji ya Centum 17.8, na Itochu ya Japani 4.5. Isuzu walinunua hicho kipande cha GM, wenye hisa wengine wakabaki walipokuwa. Jina likageuka kutoka General Motors East Africa kuwa Isuzu East Africa, Chevrolet ikatolewa sokoni, malori yakaendelea kutoka kama jana yake kwa sababu hata kabla ya hapo yalikuwa ya Isuzu. Kumbuka pia kwamba mwaka huohuo GM waliuza Opel kule Ulaya na kufunga biashara yao Afrika Kusini. Walikuwa wanajipunguza duniani kote. Sisi karakanani tofauti tuliyoiona ni nembo kwenye karatasi za makabidhiano.

Sasa hilo la boliti. Injini na giaboksi hazitengenezwi hapa, hilo ni kweli, na mimi pia linaniuma. Lakini kabini inachomelewa na kupakwa rangi hapa, na kuna vitu kama springi na betri ambavyo viwanda vyetu vinavitengeneza na kuviuza kwa waunganishaji. Tena ukiishia kwenye geti la kiwanda, utakuwa umehesabu nusu ya kazi.

Umewahi kuona chesisi ya basi ikitoka? Dereva amekalia kiti kilichofungwa juu ya vyuma vitupu, helmeti kichwani, jaketi zito limefungwa hadi shingoni, upepo wa Mombasa Road unampiga usoni. Mbele yake ni usukani na dashibodi, nyuma yake ni reli mbili za chuma na magurudumu. Hapo mwenye gari ameshalipa mamilioni na hana hata pa kumketisha abiria mmoja. Anayeingia karakanani kwangu ni huyo.

Gari la abiria 33 linapita mikononi mwa mchomeleaji wa mabomba ya mraba, fundi wa mabati, fundi wa faiba anayefinyanga uso wa mbele, fundi umeme, mpakaji rangi, mshonaji wa viti na mtu wa vioo. Kwangu ni wiki sita kama hakuna kukwama. Wengi wao hawakwenda chuo, walifunzwa kwenye karakana za mtaani za jua kali, na leo wanasoma mchoro wa kiwango cha Kenya cha mabodi ya basi, KS 372, bila kusaidiwa. Ndiyo maana nakataa mtu akiniambia kiwanda kile ni cha kukaza boliti. Ajira nyingi alizozianzisha Isuzu hazimo kwenye orodha yake ya mishahara.

Ufundi huu tumeulipia. Nikiwa kibarua kwenye karakana moja ya zamani, msimamizi alituamuru tutoboe chesisi kwenye mdomo wa chini ili bodi ishike haraka. Chesisi ni kama herufi C: ina ukuta wa kati na midomo miwili, juu na chini. Mzigo ukikaa, mdomo wa juu unabanwa na wa chini unavutwa, kwa hiyo tundu la mdomoni ndilo mahali ufa unapoanzia. Mwongozo wa mtengenezaji unakataza kabisa. Bodi hufungwa kwa boliti za umbo la U au kwa mabano ya ukutani. Tulitoboa. Basi lile lilirudi kabla ya mwaka kwisha, mwenyewe akilalamika kwamba linavuta upande mmoja. Nilipolala chini na tochi nikaona ufa, mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu nililolitoboa kwa mkono wangu na kupanda ukutani upana wa vidole vinne. Na gari hilo lilikuwa linabeba watoto wa shule asubuhi. Tangu siku ile hakuna anayetoboa mdomo wa chesisi kwangu, na hakuna anayechomelea kabla hajatoa waya za betri.

Kazi yetu inategemea sera kuliko watu wanavyodhani. Mwishoni mwa 2010 serikali ilipotangaza kwamba matatu mpya za abiria 14 hazitasajiliwa kuanzia Januari 2011, oda za NQR, chesisi ya Isuzu tunayoijengea mabasi haya ya abiria 33, zilifurika hata tukalala karakanani. Baadaye msimamo ukalegezwa, na walioajiri mafundi kwa kuamini tangazo wakabaki na mikopo ya mashine.

Kwenye magari madogo hali ni nyingine, na hapo nakubaliana na muulizaji. Vipande vya kuunganisha vimesamehewa ushuru wa forodha na gari lililokamilika linatozwa, lakini mwananchi wa kawaida bado ananunua mtumba wa Japani usiozidi miaka minane, kwa sababu jipya hata lililounganishwa hapa halishiki mfukoni mwake. Kupandisha ushuru wa mtumba hakutampa pesa za kununua jipya. Kwa malori na mabasi kununua jipya kunawezekana, kwa sababu gari lenyewe linaingiza hela na benki inakopesha kwa kuangalia kazi litakayofanya.

Ndugu muulizaji, ulimalizia kwa kuuliza ununue NQR mpya au basi la mtumba. Kama una ruti ya kudumu na sacco (ushirika wa wenye matatu) inayoeleweka, chukua mpya, spea zake hata Kisii na Kitale utazipata. Ila usikabidhi chesisi ukasubiri kuitwa siku ya rangi. Nenda wakati mifupa imesimama na mabati hayajawekwa, inama na tochi, pitisha kidole kwenye mdomo wa chini kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukigusa tundu jipya lenye makali, simamisha kazi siku hiyohiyo.