Wifi anatucheka ati tulienda Mombasa na sufuria

Hujambo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Donholm. Agosti tulienda Mombasa na treni, ikonomi, tukakodi nyumba Mtwapa, nyumba safi iko na jikoni, na tukabeba unga, mchele na sufuria mbili juu kuna mahali tulikodi zamani tukapata sufuria moja tu, tena ya chai. Asubuhi tunanunua mahamri na mbaazi kwa mama mmoja hapo nje ya geti, mchana tuko bichi, jioni napika. Watoto walifurahi na mimi nilifurahi. Sasa nikatuma picha kwa grupu ya familia ya mzee wangu na moja ilikuwa ya jikoni, sufuria ya ugali inaonekana vizuri. Wifi yangu akaandika, "Kwani mlienda likizo ama mlihama?" na zile emoji za kulia kwa kicheko, watu wote wakacheka, hadi mavyaa.

Yeye kila Desemba hulala hoteli Diani, ile ya kuvalishwa bangili ya plastiki ya kuonyesha umelipia chakula chote, na sisi tunaonyeshwa bafe ya asubuhi, ya mchana, ya usiku. Ukweli Shangazi, huyo hata Pwani haijui, anafungiwa humo ndani anakula tu, hiyo nayo ni likizo? Yeye ni nesi na mumewe ana biashara, kwa hivyo pesa wako nayo kiasi. Sasa ameleta mpango ati Desemba hii familia yote iende kwa hiyo hoteli, kila nyumba ijilipie, malipo ya kwanza mwezi ujao. Mzee wangu anaogopa kusema hatuwezi, anasema tutachukua loni. Na msichana wangu wa gredi ya tano, sijui alisikia nini kwa binamu zake, ameniuliza, "Mum, kwani sisi tulienda Mombasa ya bei rahisi?" Nimjibu nini? Na huyu wifi nimfanye nini?

Mama Watatu, Donholm

Mama Watatu,

Tuanze na loni juu hiyo ndio iko na haraka. Hapana. Loni ya karo tunaweza kukaa chini tuongee, lakini loni ya kumzuia wifi asiandike kitu kwa grupu, hapana kabisa, na Januari unaijua mwenyewe, yunifomu, vitabu, karo ya muhula wa kwanza, kodi ya nyumba haikungoji, na hiyo bafe mtakuwa mmeisahau zamani huku simu bado inakukumbusha deni. Mzee wako lazima aseme hamuwezi. Na ni yeye wa kusema, si wewe, huyo ni dadake. Ukisema wewe, kabla jioni ifike itakuwa ni mke wa kaka anayezuia familia isikutane. Amwambie kwa simu, si kwa grupu, amwambie kabla watu hawajaanza kulipa, na ataje pesa kamili, kwa mfano, "Sisi Desemba tuko na elfu hamsini, nauli ndani." Ukitaja namba watu wanaanza kupanga na hiyo namba. Ukisema "tutaona" wanadhani unataka kubembelezwa.

Halafu hiyo ikonomi usiionee aibu hata kidogo. Tangu Januari 2024 ikonomi ni 1,500 na fasti klasi ni 4,500, mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja analipa nusu. Nyinyi wazazi wawili na watoto watatu, kama wote bado wako kwa hiyo nusu, kwenda na kurudi ikonomi ni 10,500 na fasti klasi ni 31,500. Elfu ishirini na moja zimebaki, na injini inayowavuta ni ile ile, mnafika Miritini, stesheni ya Mombasa, pamoja. Hata pale Syokimau, stesheni ya Nairobi, mizigo yote inapangwa chini pamoja, mbwa anapita akinusa begi la kila mtu na sijawahi kuona akiuliza la fasti klasi liko wapi. Sasa sitasema ikonomi ni raha tupu. Vile viti vinaangaliana, havilali nyuma, unakaa magoti kwa magoti na mtu usiyemjua hadi Pwani, na kama huyo mtu amebeba mayai ya kuchemsha basi harufu ni yenu nyote. Kuna watu hawawezi hiyo na si ati wanajiskia, ni mgongo. Lakini na watoto, tena ile treni ya asubuhi inayosimamasimama, inapita Tsavo mchana kweupe, wakiona ndovu wamejipaka ule udongo mwekundu hakuna anayekumbuka kiti.

Haya, sasa nikuguse kidogo, usikasirike. Umeandika wifi "anafungiwa humo ndani anakula tu, hiyo nayo ni likizo?" Dada yangu, hiyo ni ile ile dharau yake, ni vile tu yako imevaa leso. Yeye anasema likizo bila bafe ni kuhama, wewe unasema likizo bila mbaazi za nje ya geti si Pwani. Nyote wawili mmechukua kitu mnachopenda mkakifanya mtihani wa kupima wenzenu. Na umenipa jibu mwenyewe hapo katikati bila kujua, huyu mtu ni nesi. Mtu anayemaliza shifti ya usiku akirudi nyumbani anapata vyombo kwa sinki, halafu mwaka mzima yeye ndiye anatandika vitanda na kuhudumia watu, akipata siku chache atataka nini kama si kitanda kimetandikwa na mtu mwingine na chakula kimejipanga chenyewe? Akizunguka Mji wa Kale na jua la saa saba atakuwa ameongeza kazi. Mimi binafsi ningechagua yako, nakwambia wazi, juu nikikaa hotelini siku ya pili nimeshajua mhudumu anaitwa nani na watoto wake wanasoma wapi na sina kitu kingine cha kufanya. Lakini hiyo ni mimi.

Penye amekosea ni kwa grupu. Kupenda bafe si kosa, kucheka sufuria ya mwenzako mbele ya mavyaa ndio kosa, na hilo unaweza kumwambia mkiwa wawili, bila kupiga kona: "Ile siku ulifanya watu wanicheke na watoto wangu wakasikia, sikupenda." Basi, unyamaze. Usimwongezee mambo ya bangili wala pesa za mumewe. Wengi wanaojiskia hivi huwa hawajui maneno yamefika kwa watoto, wakijua wanashuka. Akikataa kushuka, angalau umesema, na picha za jikoni endelea kutuma.

Tena nikwambie, hizi hoteli kubwa za Pwani kwa miaka mingi zilikuwa zinawangoja Wazungu, ndege zinakuja zimejaa kutoka Uingereza na Ujerumani, Mkenya akiingia hapo anaulizwa na askari anaenda wapi. Mambo ya usalama yalipochacha 2014 na Uingereza ikawaonya watu wake, vitanda vikabaki wazi na ndio bei za wenyeji na ofa za Desemba zikaanza kututafuta kwa nguvu. Ndiposa kwa watu wa umri wetu ile bangili si bangili tu, ni kama cheti kwamba na wewe uliingia. Mtu akiringa nayo kiasi mimi humwachia.

Sasa Desemba mfanyeje. Diani si hoteli peke yake, na bichi ya Kenya si ya hoteli, ule mchanga mbele ya vile viti vyao vya kulalia ni wa umma, utapita hapo na watoto wako na hakuna wa kukufukuza, askari wa hoteli kazi yake ni kuzuia usipande ngazi kuingia kwao. Kwa hivyo wacheni wifi alale hoteli yake na nyinyi mtafute koteji ng'ambo ile nyingine ya barabara, upande usio wa bahari, bei huwa inashuka sana ukivuka tu lami. Kutoka Mombasa mjini mtavuka Likoni, feri ya watu wa miguu hailipwi, mchukue matatu hadi Ukunda kisha tuktuk. Mkutane bichi kila siku binamu wacheze pamoja, na siku moja, Krismasi ama Boksingi Dei, mwingie kwa hoteli kama wageni wa mchana, hoteli nyingi zinaruhusu ukilipa chakula na bwawa la kuogelea, pigeni simu mapema muulize bei juu sikukuu inapanda. Mavyaa apewe chumba hotelini kwa wifi, hapo usibishane, mama wa watu hajawahi kuitisha kitu. Na tiketi za treni za Desemba usingoje Desemba, utajipata kwa basi la usiku umelipa nauli ya sikukuu.

Kuhusu msichana, mwambie ndio. Ilikuwa ya bei rahisi, na mwambie ilikuwa pesa ngapi. Wa gredi ya tano anajua hesabu. Mwonyeshe treni ilikula ngapi, nyumba ngapi, viazi karai na madafu ngapi, kisha mpe hiyo elfu hamsini ya Desemba kwa karatasi aigawanye yeye, aone akitoa siku mbili za hoteli zinabaki siku ngapi za kuogelea. Kitu kinachomuumiza si bei, ni kuona kama mnaificha.

*

Shangazi, kijana wangu yuko sekondari. Kila likizo nampeleka mahali, makumbusho, Bomas, pale kwa wanyama yatima Lang'ata, na sasa ameniambia mbele ya mamake ati "hizo ni trip za shule, si likizo," wenzake wameenda Dubai. Nilijinyima kwa hizo safari. Nimeharibu mtoto?

Baba, Rongai

Baba Rongai, hujaharibu mtu. Dubai mwambie hapana na usijieleze sana. Lakini kwa trip za shule ako sawa, hizo sehemu zote alienda akiwa na sweta na mwalimu anahesabu vichwa, leo unamrudisha ukitaka ashangae. Mpeleke mahali pa kutoka jasho. Pandeni matatu hadi Naivasha, hapo kwa mji mchukue ingine inayofuata barabara ya ziwa, mshuke kwa njia panda ya Hell's Gate, kuna vijana wanakodisha baiskeli, ijaribu breki kabla ya kulipa. Ni kati ya mbuga chache Kenya unaruhusiwa kuendesha baiskeli na kutembea kwa miguu, atapita punda milia na twiga wakiwa hapo kando ya barabara, hakuna kioo cha gari, na ukutane na nyati uone kama atakumbuka Dubai. Kiingilio cha KWS, wale wa serikali wanaosimamia mbuga, hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, pesa mkononi hawachukui. Chakula ficheni, nyani wa huko ni wezi wa mchana. Na kama kuna wingu la mvua msishuke kwa lile bonde la miamba hata mwongozaji akisema ni sawa, maji hushuka ghafla kutoka mbali, yameua watu 2012 na tena 2019. Mwache yeye ndiye ashike ramani, na wewe ukichoka sema umechoka.

*

Shangazi, kwenda ushago kila Desemba ni likizo? Mimi hurudi Nairobi nimechoka kuliko vile nilienda.

Mke wa Kifungua Mimba, Embakasi

Inategemea ni nani anaamka saa kumi na moja kuwasha moto. Kama ni wewe, hiyo ni shifti. Mwaka huu enda tarehe ishirini na nne, toka ishirini na saba, na kabla hamjapanda gari muulize bwanako kuku wa mwaka huu atachinjwa na kunyonyolewa na nani, ataje jina.