Diski C ikijaa, angalia kwanza ndio ufute

Jamani msimu wa harusi ukipita hapa Lamu, na Maulidi vile vile, simu zinaanza, njoo uniangalizie kompyuta. Karibu kila mara ni diski C, ile yenye Windows yenyewe, imejaa mpaka alama yake imekuwa nyekundu, mashine inawaka kwa taabu, apdeti zinakataa, na mwenyewe ashaanza kufuta vitu ovyo. Nawaomba sana msifute kwa kubahatisha.

Laptopu nyingi za mitumba zina diski ya GB 128, ukitoa Windows na programu mbili tatu hapabaki pa maana. Ingia setingi, sistemu, halafu storeji, ngoja ihesabu, utaona ni nini kimekula nafasi. Kwa shangazi yangu kule Langoni sehemu kubwa ilikuwa Windows.old, yaani ile Windows ya zamani inayobakia ukishafanya apdeti kubwa. Kwa kawaida hujifuta baada ya siku 10, ila kama apdeti haijakusumbua unaweza kuitoa sasa hivi hapo hapo storeji kwenye faili za muda. Lakini soma kila kisanduku kabla ya kutia tiki! Kuna cha dawnlodi pia, na shangazi vyeti vya watoto vyote alikuwa kaviweka humo, tungekitia tiki vyote vingeenda.

Kuna faili jingine limejificha, hiberfil.sys, ndimo Windows inamoweka kazi iliyo wazi kompyuta ikijizima kwa hibernate, nalo linakula GB kadhaa. Watu wanaambiana waandike amri ya powercfg /h off liondoke, na kweli linaondoka, lakini mie kwa laptopu naliacha, manake umeme ukikatika na betri ikakaribia kuisha hilo ndilo linaloweza kuokoa kazi uliyokuwa umeifungua.

Sasa video za familia. Hizo hazifutwi, zinahamishwa. Flashi ikikwambia faili ni kubwa mno na huku nafasi unaiona ipo, usiitupe, huenda imefomatiwa FAT32, yaani mpangilio wa zamani wa kuweka faili, na hio haipokei faili moja la kufika GB 4, toa vilivyomo uifomati upya kwa mpangilio wa exFAT. Ukishakopi fungua ile video kwenye flashi, iruke mpaka katikati, iruke mpaka mwisho, bibi harusi aonekane na sauti isikike, ndipo ufute ya kwenye kompyuta na umwage pipa la taka, manake usipolimwaga nafasi hairudi. Na flashi moja haitoshi wallahi, inapotea kama pini, weka kopi ya pili kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine.