Kabla hujafundisha mabomu ya angani, shuka bandarini

Wadogo zangu mliopangiwa Kigoma kufundisha historia, mada ya mashambulizi ya mabomu kutoka angani msiianzie Ulaya. Ianzieni hapa bandarini.

Juni 1916 ndege za Wabelgiji, zile zinazotua majini, zilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo zikaangusha mabomu Kigoma. Zilikuwa zinaiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ambayo sisi tunaiita Liemba, iliyobeba bibi zetu na magunia yao ya dagaa. Je, bomu liliipata? Zipo habari zinazosema ndiyo, na zipo zinazosema haikuguswa. Walioizamisha ni Wajerumani wenyewe, tarehe 26 Julai, jeshi la nchi kavu lilipokuwa linakaribia. Waliipaka mitambo yake grisi kwanza. Ndiyo maana Waingereza walipoiibua mwaka 1924 ilitengenezeka, na 1927 ikarudi kazini.

Mpe mwanafunzi kisa hiki, atakuuliza mwenyewe: sasa nani wa kuaminiwa? Hapo ndipo somo lilipo. Rubani Mwitaliano Giulio Gavotti ndiye aliyetangulia: aliangusha mabomu madogo manne kwa mkono kutoka kwenye ndege huko Libya, Novemba 1911, na tangu hapo aliye juu amekuwa akisimulia asichokiona vizuri. Agosti 1941 Waingereza walikagua picha zilizopigwa na ndege zao wenyewe usiku. Katika ndege zilizoripoti kushambulia shabaha, ni moja tu kati ya tatu iliyofika ndani ya kilomita nane za shabaha hiyo. Kilomita nane! Waambie wanafunzi wasimame Kigoma mjini, waipime kuelekea Ujiji.

Tarakimu za vifo nazo ziogopeni. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika ubaoni kwamba Dresden, mji wa Ujerumani ulioshambuliwa kwa mabomu ya angani Februari 1945, walikufa watu 200,000. Niliitoa kwenye kitabu chakavu, nikaamini. Idadi ile ilikuzwa na propaganda ya Wanazi. Wanahistoria waliokabidhiwa kazi hiyo na mji wenyewe walimaliza mwaka 2010 wakasema hawazidi 25,000. Elfu ishirini na tano ni msiba mkubwa mno, haukuhitaji kuongezewa. Darasa lile lilishamaliza shule, sikuwahi kulisahihishia, na hilo linaniuma hadi leo. Kwa hiyo kwenye andalio la somo wekeni safu moja zaidi pembeni ya kila tarakimu: aliyehesabu ni nani, na alihesabu lini.

Kuna jambo la mwisho ambalo chuoni hamkufundishwa. Mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miaka mingi. Siku moja, nikitaka kuchangamsha kipindi, niliiga kwa mdomo mlio wa ndege inayoshuka. Kijana wa dawati la nyuma aliingia chini ya dawati. Hakupiga kelele. Alikaa pale ameshika kichwa, na kalamu yake ikawa inabingirika taratibu sakafuni mpaka miguuni pangu. Niliinama nikaiokota, sikujua niseme nini.

Siku hizi natangaza mada siku moja kabla. Anayetaka kukaa karibu na mlango anakaa, anayetaka kutoka anatoka bila kuomba ruhusa, na simuulizi mtu kwa nini.