Kuku na keki ya Krismasi Japani: weka oda mapema

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini mwaka jana, jioni ya tarehe 24 Desemba, ulikosa kuku KFC na keki zote dukani zilikuwa na majina ya wenyewe, na mwaka huu ufanyeje kwa watu 5.

Kwanza angalia tarehe. Japani usiku wenyewe ni wa 24. Tarehe 25 si sikukuu ya taifa, watu wanaenda kazini. Kuku wa KFC, desturi iliyoshika tangu kampeni yao ya 1974, huagizwa kabla, kwa siku na saa maalumu ya kuchukua. Bila oda utapanga foleni na huenda ukaambiwa wameisha.

Keki ya Krismasi ya Wajapani ni sponji laini, krimu nyeupe na stroberi. Ukubwa hupimwa kwa "go": go 1 ni kipenyo cha sentimita 3, kwa hiyo go 5 ni sentimita 15, inawatosha kabisa. Agiza Novemba; hata konbini, vile viduka vya mtaani, hupokea oda. Ukifika nyumbani iweke kwenye friji papo hapo, krimu hulegea upesi. Wakati wa kukata, chovya kisu kwenye maji ya moto, ukifute, kisha rudia kila kipande. La sivyo krimu inaburuzika na stroberi zinaporomoka.