Almasi ya Pink Floyd ni Syd Barrett

Umesikia kuwa "Shine On You Crazy Diamond" (yaani "Endelea Kung'aa, Almasi Kichaa"), wimbo wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, unasifu dawa za kulevya? Hapana ndugu. Anayeimbwa pale ni mtu: Syd Barrett, mmoja wa waanzilishi wa Pink Floyd na mtunzi wao mkuu wa mwanzo. Akili yake iliyumba, LSD, dawa ya kulevya inayoleta njozi, ikitajwa sana kuwa ilichangia, na mwaka 1968 akaachana na bendi.

Wimbo wenyewe ulianzia kwenye noti nne tu za gitaa la David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi. Roger Waters, mpiga besi wao, akazisikia, zikamgusa, akaandika maneno ya kumlilia rafiki. Hilo ndilo linaloniumiza kila nikiusikiliza: ni maombolezo ya mtu ambaye wakati ule alikuwa bado yu hai (alifariki 2006). Tena Juni 1975, albamu ya Wish You Were Here ikiwa inakamilishwa studio za Abbey Road, London, Barrett mwenyewe akatokea bila taarifa. Alikuwa amenenepa, kanyoa nywele mpaka nyusi, na wenzake hawakumtambua mwanzoni. Walipomtambua, Waters alilia.

Isikilize albamu nzima kwa mpangilio wake, maana wimbo huu umekatwa vipande viwili, kimoja kinafungua na kingine kinafunga. Katikati upo "Have a Cigar", unaowasema wafanyabiashara wa muziki. Na yule mtu anayewaka kwenye jalada si picha ya kuchezea. Ni mwigizaji wa matukio ya hatari aliyewashwa moto wa kweli, akiwa na mavazi ya kumkinga.