Kabla Jiwe Halijachongwa: Kwa Mnaoanza Kusimamisha Vibao vya Akina Mama

Karibuni kazini. Wengi mnakuja na jina la mama mmoja mnayemheshimu na hamu ya kuliona limesimama kando ya barabara, limechongwa kwenye kibao cha kumbukumbu cha jiwe. Jiulizeni kwanza: alifanya nini, na alifanyia wapi? Kibao hushika mahali. Kama hamwezi kuandika "hapa ndipo", msiende kwa fundi bado.

Maneno yanayoharibu vibao vingi ni "mke wa". Ukisoma "mke wa Mzee fulani, mama wa watoto tisa, mchapakazi", unaondoka hujui kwa nini jiwe lile lipo. Anzeni na tendo. Tazameni mfano huu wa kusimamishwa Nansio, kisiwani Ukerewe: "Gertrude Mongella, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1945, alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, Beijing, 1995. Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika." Hakuna sifa hata moja, na heshima yote imo. Mkimuenzi mama angali hai, yeye mwenyewe asaini maneno hayo kabla ya kuchongwa.

Ogopeni "wa kwanza". Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kisumu, Grace Onyango alikuwa meya mwaka 1965, na mwaka 1969 akaingia bungeni. Ukiandika "mwanamke Mwafrika wa kwanza kutunga sheria Kenya" umekosea, kwa sababu Priscilla Abwao aliteuliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni mwaka 1961. Andika "mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge katika Kenya huru". Neno "kuchaguliwa" ndilo linaloibeba sentensi nzima.

Kwa akina mama wasiojulikana kitaifa, ushahidi ni mgumu zaidi. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipigwa marufuku Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, kwa hiyo msitegemee kukuta orodha safi za wanachama wa matawi ya miaka ile. Tafuteni wasimulizi watatu wasio wa ukoo mmoja, kila mmoja ahojiwe peke yake. Wakiwa pamoja, mkubwa husema na wengine huitikia. Tarehe zipimeni kwa matukio: je, alikuwa ameolewa reli ilipofika Mwanza, 1928? Ziwa lilipojaa baada ya Uhuru alikuwa na mtoto wa ngapi? "Mwaka wa njaa" peke yake hausaidii, maana njaa zilikuwa nyingi. Pasipopatikana mwaka kamili, andikeni "miaka ya 1920".

Majina nayo. Mama mmoja anaweza kuwa na jina la ukoo, la ubatizo, na lile la "Mama fulani" ambalo mtaa mzima unamjua nalo. Wekeni mawili yaliyotumika zaidi. Na muwe macho na ile alama ndogo: fundi akiandika "Ngwana" badala ya "Ng'wana" (yaani "mwana wa" kwa Kisukuma), kila Msukuma atakayepita atasimama hapo hapo, na hatasoma zaidi.

Mahali pa kusimamisha, pimeni kwa futi kamba. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndani ya hapo hamgusi bila kibali cha maandishi cha TANROADS, wakala wa serikali wa barabara hizo, na kwa barabara za mitaa na vijijini wakala ni TARURA. Ufukweni sheria ya mazingira inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka maji yanapoishia. Wengi hukwepa barabara wakaangukia ziwa. Muhtasari wa serikali ya kijiji au mtaa na ridhaa ya familia viambatane na barua ya kuomba kibali tangu siku ya kwanza.

Halafu fikirini msomaji. Gari la kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, hivyo dereva ataona jina tu. Wasomaji wenu ni wanaosubiri: stendi, gatini, kivuko cha Rugezi na Kisorya. Lakini subira nayo huhama. Kigongo, mkoani Mwanza, palikuwa na foleni ya kivuko kila siku, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 watu wanapita moja kwa moja.

Bamba la shaba au alumini msiweke, litaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Tumieni graniti ya sentimita 60 kwa 90 kutoka kwa mafundi wa mawe ya makaburi. Jina liwe na herufi za sentimita 6, maelezo sentimita 2, maneno yasizidi 70. Shimo la msingi la sentimita 60 kwa 60, kina 75, linakula mifuko miwili ya saruji. Kwa kila mfuko, ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto, ndoo za lita 20. Mwagilieni siku saba. Kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, hiyo inatosha. Kwenye udongo mweusi wa mbuga haitoshi kabisa, kwa kuwa hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na jiwe huinama kabla ya mwaka kwisha. Chimbeni mpaka mpite udongo unaopasuka, au msogee juu kidogo penye mchanga.

Kabla fundi hajashika tindo, abandike karatasi yenye maneno yote juu ya jiwe, kwa ukubwa ule ule. Mtu wa familia asome kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha asaini karatasi hiyo. Ikae kwenye faili pamoja na kibali.